Maji Hayakuiua Hiyo Droni, Kufuli Ndilo Lililoiua

Leo nina hasira, na nitaandika nikiwa na hasira. Anayetaka maneno laini arudi wiki ijayo, nitakuwa nimepoa.

Kila msimu wa mvua ukifika Nairobi, swali ni lile lile. Mtu amesafiri na droni yake ya kamera, begi limelowa, au mvua imemkuta ikiwa hewani. Sasa haitaki kuruka. Au inaruka ikiyumba kama mlevi. Au kamera inatazama chini tu, kama mtoto aliyeaibishwa mbele ya wageni. Anauliza: "Nifanye nini?" Watu kumi wa kwanza watamwambia aitie kwenye mchele. Muuzaji atamwambia anunue nyingine.

Majibu yote mawili si ya kweli. La kwanza linatoka kwa watu wema wasiojua. La pili linatoka kwa watu wanaojua sana. Nitayajibu yote mawili, lakini hasira ni ya hilo la pili.

Kwa wale wanaosoma haya wakiwa ndani ya matatu na wanakaribia kushuka, hoja yangu ni hii: droni nyingi zilizolowa zinaweza kufufuliwa na fundi mzuri hapa hapa Dagoretti Corner, kwa vifaa alivyo navyo mezani. Kinachomshinda si maji wala kutu. Kinachomshinda ni kufuli la programu, lililowekwa kwa makusudi na watu wa kazi kama yangu.

Kwanza tuuzike mchele

Mchele hauvuti maji kutoka ndani ya kifaa kuliko hewa ya kawaida ya chumbani. Kampuni ya Apple yenyewe, mapema mwaka 2024, iliwaonya wateja wake wasitie simu iliyolowa kwenye mchele, kwa sababu chembe zake zinaweza kuiharibu. Na hiyo ni simu, iliyozibwa kila upande. Droni ina mota zilizo wazi, ina matundu ya kupitisha hewa, ina viungo vya mikono. Unga wa mchele ukiingia humo umejiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza. Pishori ya Mwea ni ya pilau. Iheshimuni.

Lakini vumbi si hasara kubwa ya mchele. Hasara kubwa ni muda. Maji yaliyo safi kabisa hupitisha umeme kidogo sana. Kinachopitisha ni chumvi na uchafu ulioyeyuka ndani yake, na maji yaliyopenya begi lako juu ya gari yamebeba vumbi la njia nzima. Umeme ukipita katika maji hayo kati ya nukta mbili za bodi, madini ya upande mmoja huanza kuliwa na kuhamia upande wa pili. Ule ukoko wa kijani au mweupe ambao fundi hukuonyesha akifungua ndio matokeo yake. Na hata maji yakikauka, chumvi inabaki pale pale. Siku hewa ikiwa na unyevu, kazi ya kula bodi inaendelea.

Kwa hiyo adui si maji peke yake. Ni maji pamoja na umeme, halafu uchafu unaobaki. Mchele hauondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Cha kufanya, hatua kwa hatua

Haya yaandike mahali, au yachape kwenye karatasi uyaweke ndani ya begi la droni.

1. Zima na utoe betri mara moja. Usiiwashe "kuona tu kama bado inafanya kazi". Hako ka-kuona-tu ndiko kanakoua bodi nyingi kuliko mvua yenyewe.

2. Betri iliyolowa usiichaji. Betri za lithiamu zikiingiwa na maji zinaweza kuwaka moto saa nyingi baadaye, ukiwa umelala. Iweke nje, juu ya saruji, mbali na mapazia na watoto. Ikivimba usiitoboe. Kama maji yameingia ndani, ihesabu kuwa imekufa, na usiitupe kwenye pipa la taka za jikoni. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.

3. Kama ni maji ya bahari (wale wa Diani, Lamu na Nungwi mnanisikia?), kukausha peke yake hakusaidii. Droni ikiwa haina betri, isuuze kwanza kwa maji yasiyo na chumvi. Yaliyo bora ni maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli ya kuongezea betri za gari. Nasema maji, si asidi! Soma karatasi ya chupa kabla ya kumwaga.

4. Fungua ganda. Piga picha kwa simu kila unapotoa skrubu, kwa maana skrubu za droni hufanana kwa sura tu. Yenye urefu usiofaa itatoboa kilicho chini yake.

5. Safisha bodi kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na mswaki laini. Ile ya asilimia 70 kutoka duka la dawa karibu theluthi yake ni maji, kwa hiyo unaosha maji kwa maji. Tina ya rangi usithubutu, inayeyusha plastiki. Kisha acha kifaa mbele ya feni siku moja au mbili. Draya ya nywele inapeleka joto na kusukuma maji ndani zaidi.

6. Kagua kimoja kimoja. Zungusha kila mota kwa kidole: ikikwaruza, beringi zimeingiwa na mchanga au kutu. Waya za ndani ya mota zimepakwa vanishi, hazijali maji sana, lakini beringi zinajali. Tafuta barometa, kile kipande chenye kitundu kidogo, ambacho mara nyingi hufunikwa na sponji. Sponji ikibaki na maji, droni haijui iko juu kiasi gani. Futa vioo vya vihisi vya chini, kwa sababu ukungu ndani yake unaweza kuifanya idhani ardhi imekaribia. Mwisho ni gimbali, ule mkono mdogo unaoshika kamera isitikisike. Picha na umeme hupita kwenye waya bapa mwembamba kama utepe. Maji yakikaa kwenye kichwa cha waya huo, picha hupotea au mkono hutetemeka kama wenye homa.

7. Jaribio la kwanza lifanyie mezani, bila propela, na kwa betri ambayo haikulowa. La pili lifanyie uwanjani, mahali unaporuhusiwa. Si hapa Dagoretti Corner! Uwanja wa Wilson uko karibu, na kanuni zinakataza kurusha karibu na viwanja vya ndege bila kibali.

Umeona? Hakuna uchawi. Hatua zote saba ni kazi ya fundi wa simu, yule yule anayefungua simu ishirini kwa siku pale Luthuli Avenue. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini bodi iliyolowa huoshwa na kukaushwa.

Sasa tufike kwenye kilichonikasirisha.

Kisa cha mkono wa kamera

Kwa wasioijua, Dagoretti Corner ni pale Ngong Road inapokutana na Naivasha Road, magharibi mwa jiji. Maseremala wako hapo, mafundi wa magari wako hapo, vibanda vya simu vimejipanga. Hapo hapo kuna makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na kutoka hapo hurushwa maputo yaliyobeba vifaa vidogo vya elektroniki vinavyopima joto, unyevu na kanieneo hadi juu kupita mawingu. Kifaa hicho hutuma vipimo kwa redio, puto likipasuka kinaanguka, basi. Hakuna aliyewahi kudanganywa kwamba ni mali ya kudumu. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Shemeji yangu hupiga video za harusi na za mashamba yanayouzwa. Droni kwake si mchezo, ni jembe. Mwezi wa Aprili alitoka Nyahururu, mizigo iko kwenye keria ya matatu, turubai lina tundu. Kufika Nairobi begi linadondosha maji. Mtu mwenye akili, hakuiwasha. Alitoa betri pale pale stendi, na asubuhi tukaipeleka kwa fundi mmoja kijana wa Dagoretti Corner.

Fundi aliifungua kwa dakika ishirini. Bodi kubwa ilikuwa safi. Mota zote nne zilizunguka vizuri. Maji yalikuwa yamejikusanya mbele, kwenye gimbali: kichwa cha waya bapa kimeshika ukoko wa kijani, na kijibodi cha nyuma ya kamera kimeliwa. Alikuwa na droni nyingine ya mfano ule ule, iliyogonga mti ikavunjika mikono yote lakini kamera yake nzima. Akachukua gimbali ile, akaifunga kwenye ya shemeji. Kipuri halali, cha kiwanda kile kile, cha mfano ule ule. Akasafisha kila kitu, akaiacha ikauke, kesho yake tukaweka betri kavu.

Ikawaka! Taa zikaja, picha ikatokea. Halafu kamera ikainama upande, na kwenye skrini ukaja ujumbe: gimbali haijasawazishwa, wasiliana na kituo cha huduma. Tukabonyeza kitufe cha kusawazisha. Kikakataa.

Fundi akaweka bisibisi chini. "Bosi, ugonjwa nimeutoa," akamwambia shemeji. "Mgonjwa ndiye amekataa kuamka."

Hapo ndipo nilipochukua waya wa USB na tarakilishi yangu, nikakaa na hiyo droni usiku mbili. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa ugonjwa huu si wa kampuni moja. Nieleze tu namna unavyofanya kazi.

Kila gimbali hutoka kiwandani na tofauti ndogo ndogo. Kwa hiyo kiwanda huizungusha hadi mwisho wa kila upande, husoma pembe zake, na kuandika namba chache kwenye kumbukumbu. Hiyo ndiyo maana ya kusawazisha. Kihesabu ni kazi ya dakika chache, na chipu iliyomo ndani ya droni inaiweza bila msaada wa mtu. Lakini kabla ya kuifanya, programu huuliza swali: je, namba ya gimbali hii ndiyo ile niliyozaliwa nayo? Kama siyo, inagoma, mpaka ipate ruhusa kutoka kwenye seva za kiwanda, kupitia akaunti ya kituo kilichoidhinishwa.

Kwa Kiswahili cha mtaani: kipuri kimefungishwa ndoa na bodi. Anayefungisha ni kiwanda peke yake, na mjane haruhusiwi kuolewa tena.

Nikajaribu angalau kusoma kumbukumbu za safari, nione droni yenyewe inasema nini kuhusu vihisi vyake. Zimefichwa kwa ufunguo ambao mwenye droni hapewi. Hebu fikiri. Droni ni yake, safari ni zake, mvua ilikuwa yake, na daftari la safari si lake.

Kuna wanaprogramu wa kujitolea huko duniani waliochambua lugha ya baadhi ya droni za zamani na kuandika zana huria za kusawazisha gimbali bila kiwanda. Mungu awabariki. Kwa mfano huu wa shemeji, sikupata.

Tukawaandikia kampuni. Jibu likaja lenye adabu nyingi. Kwanza, dhamana haigusi maji. Pili, tuitume kwenye kituo chao, nje ya nchi. Betri iliyoharibika hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo iende bila betri. Nauli tulipe sisi, kwenda na kurudi. Na droni kuingizwa Kenya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kwa hiyo ikirudi kuna karatasi za kuandaa ili forodha isiishike kama mgeni asiye na viza.

Jumla ilikaribia bei ya mpya. Shemeji akairudisha rafuni. Harusi mbili alizokuwa ameahidi akazifanya kwa droni ya kukodi, faida ikaenda kwa mwenye droni. Ile yake ipo mpaka leo. Imekauka, imesafishwa, mota nzima, kamera nzima. Ni nzima kama mimi na wewe. Imefungwa tu.

Sasa tazama vipande viwili vya jibu lile ukiviweka pamoja. Maji si jukumu letu. Na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulichukua jukumu hilo. Daktari anakataa kukutibu, halafu anasimama mlangoni kukuzuia usiende kwa mwingine!

Kukataa kutengeneza bure ni haki yao, sibishani. Kiwanda hakikuleta mvua ya Nyahururu. Lakini ukishanawa mikono, basi nipe ufunguo. Ndiyo maana nilikuambia ulikumbuke lile puto la Dagoretti Corner. Droni hii inauzwa kama mali yako, kwa bei ya mali, halafu ikipata msukosuko wa kwanza inageuka puto.

Visingizio, na majibu yake

"Ni kwa ajili ya usalama. Droni iliyotengenezwa kando ya barabara itamwangukia mtu."

Hiki ndicho kisingizio chenye uzito, kwa hiyo nitakijibu kwa uzito. Nenda Wilson. Hapo kuna ndege ndogo zinazobeba watu, si kamera. Injinia wa hapo anaifungua Cessna akiwa na kitabu cha matengenezo cha kiwanda, ukurasa kwa ukurasa, anabadilisha kipuri, anatia saini kwa namba ya leseni yake. Hapigi simu Kansas kuomba injini ikubali kipuri kipya. Na kitabu hicho hakipewi kama fadhila: sheria za usafiri wa anga zinamtaka mtengenezaji wa ndege atoe maagizo ya kuitunza. Kwa nini? Kwa sababu ya usalama!

Kwa hiyo katika ndege kubwa, inayoweza kuua watu, usalama ni sababu ya kufungua kitabu. Katika droni nyepesi kuliko pakiti ya unga, usalama umekuwa sababu ya kukificha. Kimoja kati ya hivi si usalama. Ni biashara iliyovaa kizibao cha usalama.

Kama kweli tunaogopa mafundi wabovu, dawa inajulikana: wapimwe, wapewe leseni, watie saini. Kenya ina kanuni za droni tangu mwaka 2020, na ina mamlaka ya kuzisimamia. Fundi wa Dagoretti Corner hakatai kupimwa. Anakataa kuhukumiwa na kompyuta iliyo bara jingine ambayo haijawahi kuona kazi yake.

Na tusijifanye kwamba haiwezekani. ArduPilot na PX4 ni programu za kuendesha droni ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Ukibadilisha kihisi, unakisawazisha mwenyewe. Kumbukumbu za safari unazifungua mwenyewe na kusoma kila mtetemo. Vyuo na kampuni za upimaji duniani wanazitumia, na mbingu hazijaanguka.

"Kufuli linazuia wizi."

Sisi wa Nairobi tunajua wizi, hatuhitaji kufundishwa. Basi fungeni zilizoripotiwa kuibwa. Mwenye mali akisema imeibwa, namba zake zizimwe, hata kipuri kimoja kimoja. Lakini gimbali ya fundi yule ilitoka kwenye droni ambayo mwenyewe aliiuza kama mabaki, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe kitu. Kufuli lisilotofautisha mwizi na mnunuzi halikuwekwa kwa ajili ya mwizi.

"Na betri je?"

Hapa nitakuwa muungwana. Betri za kisasa zina chipu inayoandika alama ya kudumu pale seli zinapoharibika, na baada ya hapo hukataa kuchajiwa. Kufuli hilo nalikubali. Linazuia moto, na sababu yake unaweza kuipima kwa mita. Mimi sipigani na kila kufuli. Napigana na lile ambalo ukiliuliza linamlinda nani, linanyamaza.

"Droni ni anasa ya matajiri, mambo ya mafundi yana umuhimu gani?"

Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupima Unguja na Pemba kwa droni ndogo, kazi iliyofanywa na Kamisheni ya Ardhi na vijana wa chuo kikuu cha huko huko, katika hewa ya chumvi. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ulitumia wanafunzi na droni kuchora ramani za mitaa inayofurika. Yaani kazi yenyewe ni ya maji! Na tangu mafuriko ya Kenya ya Aprili na Mei 2024, hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini picha za kutoka juu zina faida. Ukiwa na chombo cha kufanya kazi palipo na maji, lazima siku moja kitalowa. Swali ni kama siku hiyo kitatengenezwa wiki ile ile hapa hapa, au kitangoja meli.

Wenzetu wamefika wapi

Msidhani haya ni malalamiko ya mtu wa kibanda kimoja. Mwaka 2024 jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha sheria inayokataza kufungisha vipuri kwa programu ili kuzuia matengenezo, ingawa si vifaa vyote vinaguswa. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha maagizo ya haki ya matengenezo, nchi wanachama zikapewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuyatumia. Orodha yao ina mashine za kufulia, friji, simu na kadhalika, na droni haikutajwa. Lakini msingi umewekwa: mtengenezaji asitumie ujanja wa programu kuzuia matengenezo bila sababu halali.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na mwaka 2024 zikaja kanuni za kumwajibisha mzalishaji kwa bidhaa zake zinapokuwa taka. Vizuri sana. Lakini mimi nauliza: kwa nini tusubiri iwe taka? Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Droni iliyo kwenye rafu ya shemeji si taka. Inalazimishwa kuwa taka.

Ninachodai

Kwa watengenezaji: toeni zana ya kusawazisha inayofanya kazi bila intaneti, kwa kila mwenye droni. Mpeni mwenye mali ufunguo wa kumbukumbu zake za safari. Kipuri halali kikitoka kwenye droni moja kwenda nyingine, mwenyewe aweze kukisajili.

Kwa KCAA: mnapotoa vibali vya kuingiza droni, mnauliza maswali mengi, na ni haki yenu. Ongezeni moja tu. Je, kitabu cha matengenezo kiko wapi, na nani hapa Kenya anaruhusiwa kukitumia? Likijibiwa "hakuna", mnunuzi aambiwe kabla hajalipa.

Kwa wanunuzi: kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji gimbali ikiharibika inabadilishwa wapi. Akionyesha kidole angani, rudisha pesa mfukoni.

Kwa wenzangu waandishi wa programu, hasa vijana wanaotoka vyuoni na kupata kazi kwenye kampuni za vifaa: siku moja mkubwa wako atakuomba uandike mstari unaosema "kama namba ya kipuri si ile ya kiwandani, kataa". Utaonekana mdogo, kazi ya dakika tano. Muulize unamlinda nani. Na kama jibu si la kueleweka, usiuandike.

Kwa mafundi, wa Dagoretti Corner, Luthuli, Kariakoo, Kampala, popote mlipo: nakusanya orodha. Niandikieni hapo chini mfano wa droni, kipuri mlichobadilisha, na maneno yaliyotokea kwenye skrini. Majina ya wateja msiweke. Orodha ikifika kurasa kumi nitaichapa na kuipeleka KCAA mimi mwenyewe, kwa mkono, nigongewe muhuri wa kupokelewa.

Na anayeshika droni iliyolowa sasa hivi, wakati anasoma: toa betri kwanza. Tutagombana na kiwanda baadaye.